Sura ya 6: Upepo wa Kutosha

Mzee wa pancha pale Emali hakuniuliza tairi limefanya nini. Alichutama, akabonyeza jino moja kwa ukucha wa kidole gumba, akaniangalia, akabonyeza tena. Ukucha ulizama kama kwenye kipande cha sabuni kilichosahauliwa majini.

"Kijana," akasema, "hili limetoka kwenye barafu."

Ilikuwa Februari, saa nane mchana, na lami ya Barabara ya Mombasa ilikuwa inameremeta hadi malori ya mbali yakaonekana kama yanatembea juu ya maji. Probox yangu nilikuwa nimeinunua wiki tatu tu zilizopita, ikitoka melini, na aliyeniuzia aliyasifu sana matairi yake: tazama meno, marefu kama mapya. Meno yalikuwa marefu kweli. Ila yalikuwa yanang'oka. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limeanza kumenyeka vipande, na vipande vingine vilikuwa vimenasa kwenye bati la ndani ya bawa kama ubani uliotafunwa. Mzee alifuta vumbi ubavuni mwa tairi kwa kitambaa chenye mafuta, akanionyesha neno lililokuwa pale tangu siku lilipotoka kiwandani, nami sikuwahi kulisoma: STUDLESS. Kando yake palikuwa na maandishi ya Kijapani.

Kule Japani neno hilo ni sifa. Ni tairi la majira ya theluji, lililotengenezwa kwa mpira unaobaki laini hata maji yanapoganda, na kila jino lake limechanjwa mikato myembamba mingi ili liume barafu bila misumari. Kwa Hokkaido mwezi Januari, huwezi kupata rafiki bora. Kwa Emali mwezi Februari, ambapo hakuna mtu mwenye akili anayekanyaga lami pekupeku saa nane mchana, mpira ule ule unalegea, jino linayumba kila gari linapokata kona, joto linazidi kujaa ndani yake, na mwishowe linaachia. Hakuna aliyekosea kiwandani. Tairi lilikuwa zuri. Lilikuwa mbali na kwao tu.

Nililipa, nikafungiwa jingine, na mzee akanipa somo ambalo hakulitoza. Alisema watu huja kwake wakiuliza tairi zuri ni lipi, na yeye huwajibu kwa swali: unaenda wapi, na lini? Wengi hukasirika. Wanadhani anakwepa kutaja bei.

Kuna mahali swali hilo linajibiwa kwa usahihi kuliko popote, napo ni kwenye sakiti. Huko Ulaya na Japani watu hulipia kuingiza magari yao wenyewe kwenye viwanja vya mbio kwa siku moja, bila kushindania kikombe, ili tu waendeshe kwa kasi ambayo barabarani ingewafikisha mahakamani au kaburini. Sisi jirani yetu wa karibu ni Whistling Morans, Athi River, uwanja wa karti ambao ukitoka Nairobi kwenda Makueni unaupita kabla hujafika popote. Mtu wa siku ya sakiti aliyejipanga huja na seti mbili za matairi: moja imefungwa, nyingine iko nyuma ya gari au kwenye trela. Asubuhi anatazama mbingu, anagusa lami kwa kiganja, kisha anaamua. Mvua ikija saa sita, anaingia kando, anapiga jeki, anabadilisha. Kazi ya dakika 20.

Seti ya kwanza ni ya ukavu, na ukiiona mara ya kwanza utacheka, maana haina meno hata moja. Ni kipara kabisa. Sababu yake ni rahisi. Kila mfereji ulio usoni mwa tairi ni mahali ambapo mpira haugusi ardhi, na jino lililozungukwa na mifereji hupinda na kutetereka gari linapokata kona, jambo linalolipasha joto na kulichosha. Ondoa mifereji yote, mpira wote utalala chini na kushika. Mpira wenyewe ni laini, unaanza kunata hasa ukishapata moto, na wenye magari ya Formula 1 huuendesha ukiwa na joto linalokaribia au kupita nyuzi 100. Kwenye lami kavu na safi, basi, tairi linaloshika kuliko yote ni kipara.

Najua kuna dereva wa matatu anayesoma sentensi hiyo akitabasamu, na ningependa aache. Kipara cha mbio kimezaliwa kipara: ni kipya, kinene, laini, na baada ya siku chache kinatupwa. Kipara chake yeye ni tairi lililokuwa na meno likayamaliza, mpira uliobaki umekaushwa na jua miaka sita, na nyuzi za ndani ziko karibu kuchungulia. Hivi viwili vinafanana kama mtoto mchanga asiye na meno anavyofanana na babu yake. Ukambani nimeona sehemu moja tu ambapo kipara cha uzee kinafanya kazi yake kwa heshima, napo ni kwenye mkokoteni wa punda. Punda haendi kilomita 80 kwa saa. Hata baada ya mkokoteni, tairi hilo halifi. Linakatwa likawa kamba za mpira, au akala za mtu wa Mutitu zitakazotembea miaka mingine kumi.

Mvua ikinyesha, hesabu inageuka. Chukua Probox yenye mizigo kidogo, tuseme kilo 1,200. Kila tairi linabeba kilo 300. Ukiwa umejaza psi 32, eneo la mpira linalogusa lami kwa kila tairi ni sentimita za mraba 130 hivi, yaani kiganja kimoja na vidole vyake. Gari zima, wewe, mkeo, watoto na gunia la ndengu mnashikiliwa duniani na viganja vinne. Kwenye maji, kila kiganja lazima kiyasukume maji pembeni kabla hakijagusa lami, na kina muda mfupi sana wa kufanya hivyo. Hiyo ndiyo kazi ya mifereji. Pirelli wanasema tairi lao la mvua kubwa la Formula 1 hutupa lita 85 za maji kwa sekunde moja, gari likiwa kilomita 300 kwa saa. Mtungi wa lita 20 ambao mama anaubeba mgongoni kutoka mtoni, tairi hilo lingeumaliza mara nne na zaidi kabla hujamaliza kutamka neno "maji".

Tairi likishindwa kuyatupa kwa wakati, maji yanaingia chini yake kama kabari na kulinyanyua. Gari linaelea. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama umeshikilia sahani, na breki hazina la kusema. Katika miaka ya 1960 watafiti wa NASA, waliokuwa wakihangaika na ndege zinazotua kwenye maji, walipata kanuni ambayo bado inatumika kama makadirio: chukua presha ya tairi kwa psi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa karibu 16.7, utapata kilomita kwa saa ambapo tairi lililoisha meno, au lililo kwenye maji yaliyozidi kimo cha meno, linaweza kuanza kuelea. Psi 32 inakupa kilomita 94. Lori lenye psi 100 linapata 167, kasi ambayo halitaifikia, na ndiyo sababu lori linakupita kwenye dhoruba likikurushia tope la manjano huku wewe umeshikilia sahani yako.

Iweke kando hiyo hesabu ya psi. Tutaihitaji mtoni.

Kabla hatujafika huko, niseme neno juu ya mvua yenyewe, kwa sababu Kitui na Makueni mvua si kitu cha kila siku ambacho mtu anazoea. Tunategemea vuli zaidi kuliko masika. Mvua ya Oktoba hadi Desemba, hasa ya Novemba, ndiyo inayotupa mahindi na kunde, na ya Machi hadi Mei mara nyingi hutudanganya. Maana yake ni kwamba kuanzia Juni hadi Oktoba lami inakusanya: mafuta ya injini yanayodondoka, vumbi la mpira, mchanga mwembamba unaopeperushwa kutoka mashambani. Siku ya kwanza ya mvua vyote hivyo vinakorogwa. Saa ile ya mwanzo, kabla maji hayajaosha barabara, ni mbaya kuliko dhoruba ya wiki inayofuata. Watu wa sakiti wanalijua hili: wengi wao huingia kando matone ya kwanza yanapoanguka na kungoja. Sisi huongeza mwendo ili tufike kabla mvua haijakolea.

Hayo ni ya lami. Lakini nani ameishi kwenye lami tu? Ukitoka Wote kwenda mashambani unakutana na udongo mwekundu wenye mchanga, ambao maji huupenya upesi. Juu unateleza lakini chini kuna ugumu. Ukirudi nyanda za Athi na Kapiti, kabla ya Sultan Hamud, unakutana na ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Udongo mweusi hauteleshi tu, unashika. Unajaa katikati ya meno, unakauka kidogo kwa joto la tairi, na baada ya mita 50 umefunga matairi ya udongo. Tairi la meno madogo yaliyobanana, hata liwe jipya na la bei, linakuwa kipara ndani ya dakika moja. Dawa yake ni meno makubwa yaliyoachana, yenye nafasi ya kutema tope tairi linapozunguka, na ndiyo maana mwenye tairi la namna hiyo, wanaloliita A/T, hufika alikokwama mwenye tairi la kawaida. Halafu mwenye A/T huyo huyo akirudi kwenye lami iliyolowa, meno yake makubwa na machache yanashika vibaya kuliko ya yule aliyemcheka. Hakuna kinachotolewa bure.

Watu wa Safari Rally walilipia elimu hii mapema. Mashindano yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika Pasaka, katikati ya masika, kwa makusudi mtu angeweza kudhani. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93 na yakamaliza 7. Mwaka 1963 pia yalimaliza 7. Miaka yote miwili washindi walikuwa wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lilikuwa lile lile, Peugeot 404. Tunaokumbuka 404 tunaikumbuka kama matatu ya baba zetu, ya kupakia watu nyuma hadi wawili waning'inie. Ilikuwa na sifa nyingi, lakini mojawapo haitajwi sana: matairi yake yalikuwa membamba. Tairi jembamba linakandamiza kwa nguvu zaidi kila sentimita ya ardhi, kwa hiyo linakata tope laini la juu na kutafuta ugumu ulio chini. Tairi pana linaelea juu ya tope hilo hilo kama mtumbwi. Kwenye mchanga mkavu ni kinyume: pana linaelea, na kuelea ndiko unakotaka, jembamba linachimba kaburi.

Kijana anayefunga rimu pana kwenye gari lake ili lipendeze Machakos siku ya Jumapili amechagua barabara moja, kavu, laini. Haki yake. Asije tu Mbooni mwezi wa kumi na moja.

Safari iliondoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, ikiwa na makao Naivasha. Jambo linalonifurahisha kuhusu Safari mpya ni jinsi kanuni zilivyowabana mabingwa wakafanana nasi. Kuanzia 2021 hadi 2024 timu zote kubwa zilipewa matairi ya kampuni moja, Pirelli, na kwa barabara za udongo aina zilikuwa mbili: ngumu na laini. Hakukuwa na tairi la mvua lililofichwa mahali. Mtu mwenye gari la mamilioni anasimama mbele ya rundo la matairi asubuhi, anatazama mawingu juu ya Longonot kama mkulima, anachanganya magumu na laini, anaondoka, na akishaondoka hana la kufanya mpaka atakaporudi. Nimemtazama bingwa wa dunia usoni kwenye televisheni wakati huo. Ni uso wa mzee wangu akiamua kama apande leo au angoje wiki moja.

Basi, ununue lipi? Nitasema ninachofanya mimi, nawe ufanye utakavyo. Kwa gari dogo linaloishi kati ya Wote, Kitui mjini na Nairobi, sinunui tairi la meno makubwa, hata kama nyumbani kwangu kuna kilomita 9 za vumbi. Siku nyingi za hatari maishani mwangu nimezipata kwenye lami, kwa mwendo, si kwenye tope nilipokwama salama salimini. Nanunua la barabarani lenye ubavu mgumu, kwa sababu kwetu adui wa tairi ni mwiba wa mgunga na yale mawe meupe yenye ncha yaliyotapakaa kwenye njia za Kitui, na vyote viwili hupenda kuingilia ubavuni, mahali ambapo fundi wa pancha hawezi kukusaidia. Nasoma tarehe. Kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka saba likiwa bado na nywele zake ni la zamani tu, hata kama limekaa dukani kivulini. Naangalia ubavuni kama kuna mchoro wa mlima na kitone cha theluji, kumbukumbu ya Emali. Na simalizi meno mpaka yafikie vile vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji, ambavyo vimewekwa kwenye milimita 1.6. Hiyo ni alama ya mwisho, si ya ushauri. Kwenye maji uwezo wa breki huwa umeshuka zamani kabla ya hapo. Mimi hubadilisha vuli ikikaribia kama yamebaki milimita tatu, na hayo ya zamani huyahamishia kwa ndugu yangu mwenye mkokoteni.

Ya pikipiki ni mengine, na bodaboda wanastahili sura yao wenyewe.

Lakini kitu ninachokithamini kuliko tairi lolote kiko kwenye kisanduku cha mbele ya abiria: kipima presha, cha shaba, kikubwa kama saa ya mfukoni. Mtu wa sakiti ana seti mbili za matairi. Mimi nina seti moja na hiki.

Hapo awali barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui ilikuwa ya udongo, ya kumaliza siku na shokomzoba. Sasa ni lami, na ukiiendesha asubuhi, mibuyu ikiwa kimya pande zote mbili na Uwanda wa Yatta umelala mbele yako kama ukuta, utajiona umefika nchi nyingine. Mgeni hudhani mambo yameisha hapo. Pinda kulia au kushoto kilomita mbili tu utakutana na mto wa mchanga. Mto wa mchanga hauna maji juu kwa miezi mingi. Maji yamo ndani, na watu huchimba visima humo. Mchanga huo ndio tangi letu, na ndiyo sababu Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015, baada ya malori ya ujenzi kuuzoa kwa miaka. Dereva naye ana sababu yake ya kuipenda sheria hiyo: palipozolewa mchanga pamebaki mwamba mtupu, na jiwe linamaliza tairi ambalo mchanga ungelichelewesha tu.

Kuvuka mchanga hakuhitaji tairi jipya. Kunahitaji upepo kutoka. Unasimama kabla ya kuingia, si baada ya kukwama, unafungua kifuniko cha valvu, unabonyeza sindano ya katikati kwa ncha ya kijiti cha mswaki au mwiba, na unasikiliza. Sauti inaanza kali, inashuka. Ubavu wa tairi unaanza kuvimba chini, kama tumbo la mtu aliyekaa kitako baada ya pilau. Kutoka psi 32 hadi 16, eneo linalogusa ardhi linakaribia kuongezeka maradufu. Tairi linarefuka kwenda mbele na nyuma, likawa kama unyayo wa ngamia. Unaingia kwa gia ya pili, mguu mwepesi, bila kukata usukani na bila kushika breki, maana kwenye mchanga breki hujenga tuta mbele ya kila gurudumu. Unavuka. Watoto wanaochota maji wanakutazama kwa kukata tamaa kidogo. Walikuwa wanatarajia kazi ya kusukuma.

Ng'ambo ya pili ndipo watu hukosea. Pampu ya umeme wa gari inachukua dakika nne au tano kwa kila tairi, jua ni kali, lami iko kilomita mbili tu, na kijiji kina kituo cha mafuta huko mbele. Utajaza huko. Unaingia lamini na psi 16, unaongeza mwendo, na ubavu uliolegea unajikunja na kujikunjua mara mamia kwa dakika hadi unachemka. Hiyo ni siku kavu. Sasa irudishe ile kanuni ya NASA. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4, mara 16.7, kilomita 67. Meno yakiwa yameisha na wingu la Novemba likikukuta kabla ya kituo, utaanza kuelea kwa mwendo ambao hata mtoto wako hataki kuuita mbio. Upepo uliokuokoa mtoni kwa kutokuwepo ndio unaokudai barabarani.

Wengine huniuliza kuhusu mteremko wa kutoka Nairobi, kama presha hubadilika mtu akishuka. Hubadilika. Kutoka mita 1,700 hivi hadi 750 hivi za Mtito Andei hewa ya nje inaongezeka uzito, na kipimo chako kinashuka kama psi moja na nusu. Lakini joto la huko chini linapandisha karibu hiyo hiyo. Vinafutana. Pima asubuhi kabla hujaendesha, basi.

Kuna jambo moja ambalo tairi, presha na kanuni zote hazina mamlaka juu yake. Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye mto Enziu, Mwingi, ukiwa umefurika. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama, na wengi wetu tuliona picha zake jioni hiyo kwenye simu. Walikufa zaidi ya 30. Sijui mtu yeyote wa Kitui anayepita hapo bila kunyamaza kidogo.

Baada ya siku hiyo nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya gari langu mwenyewe. Sakafu yake ni karibu mita 6 za mraba. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu zinalinyanyua kwa nguvu ya kilo 600. Sentimita 20, kilo 1,200: gari zima. Maji yakinifikia chini ya kiti, basi, hata niwe na matairi ya Formula 1, yale ya lita 85, hayabebi tena kitu. Viganja vinne vimeachia ardhi, na mto unasukuma kutoka ubavuni.

Novemba iliyofuata nilikuwa narudi kutoka kwenye mazishi, njia ya ndani, kwenye mto mmoja nje ya Mutomo ambao asubuhi nilikuwa nimeuvuka mkavu kwa psi 16. Mvua haikuwa imenyesha hapo hata tone. Ilikuwa imenyesha juu, milimani, na mto ulikuwa umeshuka na rangi ya chai ya maziwa, ukibeba matawi. Tulikuwa magari manne kwenye ukingo: mimi, pikapu ya mwalimu, bodaboda wawili ninaowahesabu kama gari moja, na lori refu la mbao lenye matairi kumi, mapya, meno ya kuingiza kidole. Dereva wa lori alikuwa na haraka. Alishuka, akakata kijiti, akaingia hadi magotini, akarudi, akasema kwa lori si kitu.

"Mwalimu, mimi napita," akasema. "Nyinyi ngojeni."

Akapanda, akawasha. Ndipo ukaja mkokoteni nyuma yetu, mzee mmoja na mitungi yake, matairi mawili vipara hadi nyuzi zinaonekana, moja limefungwa kwa waya. Alikuwa anaishi ng'ambo. Hakusimama kuuliza, mto huo aliuvuka kila siku. Akamwelekeza punda majini.

Punda akaweka kwato moja, akaitoa. Mzee akamtia moyo kwa ulimi. Punda akageuza masikio nyuma, akapanga miguu yote minne kwenye nchi kavu, akainama akaanza kula majani.

Dereva wa lori alimtazama punda kwa muda, akazima injini.